Nachora vizuri, mbona michoro ya kiufundi inanishinda?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma uchomeleaji mwaka wa kwanza, chuo cha ufundi. Nyumbani Tanga wananijua kwa kuchora: napiga hina maharusi, nachora na sura za watu. Lakini kwenye michoro ya kiufundi naambulia alama za chini. Kazi inarudi na maneno matatu ya kalamu nyekundu: "mistari", "projeksheni", "vipimo vimerudiwa". Nina penseli moja ya HB na mkebe niliotoka nao sekondari. Wenzangu wanasema nisijichoshe, siku hizi kompyuta ndiyo inachora. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mkono unao tayari. Anayevuta kikonyo cha ua kwa hina juu ya kiganja cha mtu anayechekacheka, bila kutetemeka, hashindwi na mstari wa sentimita kumi uliowekewa rula. Kinachokusumbua ni mazoea. Kwenye hina mstari ndio pambo. Ukiupinda kidogo zaidi, bibi harusi anafurahi zaidi. Kwenye mchoro wa kiufundi mstari ni neno. Mnene una maana yake, mwembamba una yake, wa vipandevipande una yake, na anayeusoma ni fundi ambaye pengine hamtaonana maishani. Yeye yuko karakana na msumeno mkononi, wewe hupo, na hakuna wa kumuuliza. Maneno yote matatu ya kalamu nyekundu yanatokana na hapo: umechora kitu cha kutazamwa, ukaombwa kitu cha kusomwa.

Nitayafuata maneno hayo kwa mpangilio wake, ila kwanza vifaa, upesi. HB yako itunze kwa kukaza mistari na kuandika. Nunua 2H moja, penseli ngumu zaidi, kwa kazi nyepesi. Tangu Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipopata hataza ya kuchanganya grafiti na udongo mwaka 1795, ugumu wa penseli unatokana na kiasi cha udongo: udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu, inaandika hafifu na inakaa na ncha muda mrefu. Ndiyo maana huwezi kupata mstari mwembamba safi kwa HB iliyochongwa asubuhi. 2H ichonge kisha isugue juu ya msasa laini mpaka ncha iwe bapa kama patasi. HB iache iwe na ncha ya duara.

Seti skwea za ndani ya mkebe ni ndogo mno kwa karatasi ya A3. Tafuta jozi kubwa zaidi, ile ya nyuzi 45 na ile ya 30 na 60. Kama chuo kina ubao na rula ya T, tumia. Kama hakuna, seti skwea mbili zinatosha: moja ishikilie imara, nyingine iteleze ubavuni mwake, nawe unapata mistari sambamba kadiri upendavyo. Kabla hujalipa pesa dukani, jaribu pembe mraba ya seti skwea. Iweke juu ya rula iliyonyooka, vuta mstari wa wima, kisha igeuze uso chini na uvute mstari mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, nunua. Ikifunguka kama herufi V, rudisha; na ujue kosa la kifaa ni nusu tu ya ule mwanya unaouona, maana kukigeuza kumelionyesha mara mbili.

Bikari ya mkebe tatizo lake ni kulegea katikati ya duara. Kaza skrubu ya kichwani, chonga risasi yake mshazari kwa upande wa nje, na uache sindano izidi risasi kwa milimita moja hivi. Halafu kuna jasho. Kwa hali ya hewa ya Pwani mkono ulionawa saa mbili unakuwa umechafuka saa tatu. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja, fanya kazi kutoka juu kwenda chini, na seti skwea zioshe kwa sabuni kila wiki. Uchafu mwingi unaoonekana kwenye michoro ya wanafunzi haukutoka kwenye penseli moja kwa moja; umesambazwa na plastiki iliyokuwa ikiburutwa juu yake.

Sasa neno la kwanza, mistari. Mchoro safi huchorwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa 2H na mkono mwepesi, kiasi kwamba ukiishika karatasi umenyoosha mkono mistari karibu haionekani. Hii ni mistari ya kujengea. Inapita pembe, inakatana, inazidi, haina kosa. Umbo lote likishakamilika na ukalikagua, ndipo unapokaza kwa HB zile sehemu tu zinazotakiwa kusomwa. Mistari ya kujengea huna haja ya kuifuta. Ikiwa hafifu ipasavyo inabaki nyuma kama kivuli, na mimi binafsi napenda kuiona ninaposahihisha kwa kuwa inanionyesha mwanafunzi alivyofikiri. Wewe mwenye HB peke yake bila shaka unaanza na mstari mzito, unagundua umekosea, unafuta, karatasi inachubuka, unarudia juu ya mchubuko. Hapo hata malaika atachafua.

Ukivuta mstari mrefu, izungushe penseli polepole kati ya vidole ili ncha iishe sawasawa. Mistari ya mlalo vuta kutoka kushoto kwenda kulia, ya wima kutoka chini kwenda juu. Kama unatumia mkono wa kushoto, geuza. Wakati wa kukaza anza na matao na maduara, malizia na mistari iliyonyooka. Kuunganisha mstari ulionyooka kwenye tao ni rahisi. Kuunganisha tao kwenye mstari uliokwisha kukazwa ni mateso, na kile kinundu kinachobaki kwenye maungio ndicho kinachomfanya mwalimu aandike "mistari" bila maelezo.

Kanuni za kimataifa za ISO 128 zina aina nyingi za mistari, lakini muhula wa kwanza utaishi na minne. Kingo zinazoonekana ni mstari mnene usiokatika. Vipimo, na mistari inayopeleka kipimo nje ya umbo, ni mwembamba usiokatika. Kingo zilizofichika nyuma au ndani ni mwembamba wa vipandevipande. Mistari ya katikati, yaani ya senta za matundu na ya maumbo yanayolingana pande mbili, ni mwembamba wa kipande kirefu, nukta, kipande kirefu. Mnene uwe mara mbili ya mwembamba, kwa mfano milimita 0.5 na 0.25. Kwa penseli hutapima hilo, lakini jicho la msomaji lazima lione tofauti papo hapo, akiwa amesimama.

Kuna vijambo vidogo hapa ambavyo havisemwi sana. Vipande vya mstari uliofichika vinatakiwa vigusane kwenye pembe. Pembe iliyoachwa wazi inamfanya fundi asijue umbo linaishia wapi. Mistari ya senta inakatana kwa vipande virefu, kamwe si kwa nukta, kwa sababu mahali inapokatana ndipo fundi atakapopiga senta kwa panchi. Tena ivuke ukingo wa duara kwa milimita chache. Na mistari miwili ikiangukia mahali pamoja, unaoonekana unashinda uliofichika, uliofichika unashinda wa senta.

Kabla ya projeksheni, yaani kukichora kitu kimoja kwa sura zake za mbele, juu na ubavuni, kuna jiometri kidogo ambayo fani yako itakudai kila siku. Tuseme unachora grili ya dirisha lenye uwazi wa milimita 1000, na ndani unataka nafasi 7 zilizo sawa. Kwa skeli ya 1:10 mstari wako ni milimita 100, na kikokotoo kinakwambia kila nafasi ni 14.2857. Rula haina alama hiyo. Ukikadiria 14 mara saba unapungukiwa milimita 2 mwishoni, ambazo karakana ni sentimita 2. Fanya hivi: kutoka ncha ya kushoto ya mstari wako vuta mstari mwingine wa mshazari, pembe yoyote kali. Kwa bikari, bila kubadilisha upana wake, weka alama saba kwenye mshazari huo. Unganisha alama ya saba na ncha ya kulia. Kisha telezesha seti skwea sambamba na muungano huo, ukikata mstari wa kwanza kutoka kila alama. Umegawa kwa saba bila hesabu.

Mafundi wanafanya jambo hilohilo chini sakafuni, wengine bila kujua kuwa ni jiometri. Wanalaza tepu ya kupimia mshazari kati ya nguzo mbili za fremu mpaka 1050 iguse ukingo wa pili, halafu wanaweka alama kila 150 na kuzishusha sambamba na nguzo. Mara ya kwanza nilipoiona nilikuwa na cheti tayari, na nilijiona mjinga.

Jingine ni pembesita ya nati. Ukijua umbali wa pembe hadi pembe, chora duara la kipenyo hicho na utembeze bikari ileile, bila kuifungua wala kuifunga, kuzunguka duara: inaingia mara sita kamili, kwani ndani ya pembesita kuna pembetatu sita zenye pande sawa. Lakini spana haishiki pembe, inashika nyuso. Nati ya spana namba 17 ina milimita 17 kati ya uso na uso. Hapo unachora duara la 17 na kuzungushia mistari sita inayoligusa tu kwa nje, ukitumia seti skwea ya nyuzi 60. Pembe hadi pembe utapata kama 19.6. Mwanafunzi anayechanganya hayo mawili anatengeneza nati isiyoshikwa na spana yake.

Projeksheni ndiyo inayowaangusha wengi, na dawa yangu ni sabuni ya mche. Kweli kabisa. Kata kipande chenye urefu wa milimita 60, kina 40 na kimo 40, ukikinyoosha kwa kisu. Upande wa juu kulia, toa kipande cha urefu 30 na kimo 20, kuanzia mbele mpaka nyuma, ibaki ngazi. Katikati ya ngazi ya chini toboa tundu la wima kwa kalamu, lizungushe mpaka liwe na kipenyo cha 10 na litokeze chini. Kiweke mezani, funga jicho moja, shusha kichwa mpaka usione uso wa juu kabisa. Unachokiona ni herufi L iliyolala, bila kina chochote. Huo ndio mwonekano wa mbele. Tundu huoni, kwa hiyo ndani ya ngazi linachorwa kwa mistari miwili ya vipandevipande iliyoachana 10, na mstari wa senta katikati.

Simama sasa, tazama moja kwa moja kutoka juu. Unaona mstatili wa 60 kwa 40, mstari mmoja unaougawa katikati ambapo ngazi inaanza, na duara kamili upande wa kulia. Hiyo ni plani. Kisha nenda ubavuni. Ukitazama kutoka kushoto, ngazi imejificha nyuma ya ukuta mrefu, kwa hiyo mstari wake ni wa vipandevipande. Ukitazama kutoka kulia, ngazi inaonekana na mstari ni mnene. Chagua kulia. Mwonekano wenye mistari michache iliyofichika ndio mzuri kusoma, na hakuna sheria inayokulazimisha kuchora sura zote sita.

Swali linabaki: kila sura ikae wapi kwenye karatasi? Hapa ndipo ulipokosea, naamini. Shika tochi. Ukiimulika sabuni kutoka kulia, kivuli kinaanguka ukuta wa kushoto. Ukiimulika kutoka juu, kivuli kinaanguka mezani. Projeksheni ya pembe ya kwanza, iliyozoeleka Ulaya na ambayo sisi tumeirithi kwa Waingereza, inafuata kivuli: ulichokiona ukiwa kulia unakichora kushoto kwa mwonekano wa mbele, na plani inakaa chini yake. Wamarekani wanatumia pembe ya tatu. Wao ni kama wanasimamisha kioo kati ya jicho na kitu, wakachora juu ya kioo hichohicho. Cha kulia kinabaki kulia, cha juu kinabaki juu. Zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuzichanganya kwenye karatasi moja, plani ya Kiingereza na ubavu wa Kimarekani, na fundi akitoboa tundu upande usio wake huna wa kumlaumu. Ndiyo maana kwenye kisanduku cha maelezo kuna alama ya pia, yaani koni, iliyokatwa kichwa pamoja na maduara mawili. Kwa pembe ya kwanza, pia iko kushoto na ncha yake nyembamba inaelekea kushoto, maduara yako kulia.

Aliyeifanya njia hii iwe elimu ni Gaspard Monge, mwana wa mfanyabiashara wa Beaune, Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1746. Akiwa kijana katika shule ya wahandisi wa jeshi ya Mézières alipewa kazi ya kupanga ngome isipigike kwa mizinga, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa hesabu ndefu zisizoisha. Akaimaliza kwa kuchora, haraka mno hata wakubwa wake hawakumwamini. Walipoamini, wakaifanya siri ya jeshi kwa miaka mingi. Hadharani aliifundisha Paris mwaka 1795, baada ya mapinduzi. Mbinu unayoandikiwa kalamu nyekundu iliwahi kulindwa kama baruti.

Sura hazichorwi moja baada ya nyingine. Zinajengwa pamoja. Kila mstari wa wima wa mwonekano wa mbele unashuka hafifu hadi plani. Kila mlalo unakwenda hadi ubavuni. Kina unakitoa kwenye plani na kukipeleka ubavuni kwa mstari wa nyuzi 45 uliouchora kwenye kona iliyo wazi kati ya sura hizo mbili: mlalo kutoka plani unagonga mshazari, unapanda wima. Ukifanya hivyo hupimi kitu mara mbili, na kipimo kisichopimwa mara mbili hakiwezi kugombana na chenyewe.

Nafasi nayo ipangwe kwa hesabu kabla penseli haijagusa karatasi. A3 ni 420 kwa 297. Toa pambizo la 20 kushoto na 10 pande nyingine, unabaki na 390 kwa 277. Kisanduku cha maelezo chini kikichukua 30, kimo kinabaki 247. Sabuni yetu ni ndogo, tuichore kwa 2:1, yaani mara mbili ya ukubwa wake. Upana: ubavu 80, mwanya 40, mbele 120, jumla 240. Zimebaki 150, yaani 75 kila upande. Kimo: mbele 80, mwanya 40, plani 80, jumla 200, zimebaki 47, yaani 23.5 juu na 23.5 chini. Dakika mbili za hesabu, nawe hutaona tena mchoro uliobanana kona moja kama abiria wa daladala.

Tuje kwenye vipimo. Tarakimu unayoandika ni kipimo cha kitu chenyewe, hata kama umekichora kikubwa au kidogo. Sabuni yako kwenye karatasi ina urefu wa 120, lakini unaandika 60. Vipimo vyote ni milimita, na herufi "mm" haziandikwi kila mahali. Mstari wa kipimo wa kwanza uweke kama milimita 10 kutoka kwenye umbo, unaofuata kama 8 zaidi. Kipimo kidogo kikae karibu, kikubwa nje, ili mistari isipandane. Mstari unaopeleka kipimo nje uache mwanya mdogo kabla haujagusa umbo. Mshale uwe mwembamba, urefu kama milimita 3, usiwe kama kichwa cha samaki. Tarakimu zisomeke kwa kutazama karatasi kutoka chini au kutoka kulia, basi. Fundi asizungushe shingo.

"Vimerudiwa" maana yake ni hii. Kwenye sabuni umeandika urefu wote 60, ukaandika sehemu ndefu 30, kisha ukaandika na ngazi 30. Unaona umesaidia. Lakini hakuna fundi anayekata 30 kamili. Akizidisha nusu milimita kila sehemu, jumla ni 61, na sasa mchoro wako una amri mbili zinazopingana: afuate 60 au afuate 30 na 30? Acha kimoja. Unachokiacha ndicho unachoruhusu kimeze makosa, kwa hiyo acha kile kisicho na kazi kubwa. Vivyo hivyo, kimo 40 kikiandikwa mwonekano wa mbele hakirudiwi ubavuni. Tundu lipimwe pale linapoonekana duara, yaani kwenye plani, na lipimwe hadi senta yake, kwa kuwa huko ndiko ncha ya biti ya kutobolea itakakosimama: 15 kutoka ukingo wa kulia, 20 kutoka mbele, Ø10. Hesabu: 60 na 30, 40 na 20 za kimo, 40 ya kina, 15, 20, Ø10. Vipimo vinane vinatosha kutengeneza kitu chote. Ukikuta una tisa, kimojawapo ni cha ziada. Ukikuta saba, fundi atakupigia simu, au hatapiga, atabuni.

Nami nililipia somo hili. Niliwahi kupeleka karakana mchoro wa fremu ya dirisha, 1200 kwa 900, skwea paipu ya 40. Nilimaanisha uwazi wa ndani, lakini kwenye karatasi mistari yangu ya kupeleka kipimo ilianzia pasipoeleweka, kati ya ukingo wa ndani na wa nje. Fundi akasoma nje. Fremu ilikuja safi, imechomelewa vizuri, imepakwa na rangi ya kuzuia kutu, na ilikuwa fupi kwa milimita 80 upande mmoja na 80 upande mwingine. Fundi alikuwa amefuata mchoro. Nililipa mimi.

Isometriki, ile picha ya pande tatu, itakuja baadaye kidogo, na wewe mwenye jicho la kuchora utaipenda haraka. Hadhari moja tu: usiichore kwa jicho. Anza na sanduku zima la 60 kwa 40 kwa 40, wima ukiwa wima, mlalo zote mbili zikipanda nyuzi 30, vipimo kamili kwenye mihimili hiyo mitatu. Kisha kata ngazi kutoka kwenye sanduku kama ulivyoikata kwa kisu. Mstari wowote usio sambamba na mihimili hiyo haupimiki kwa rula. Tafuta ncha zake mbili, uziunganishe. Tundu linageuka duaradufu: chora mraba wa 10 ulioegemea, weka alama katikati ya kila upande, na kutoka kwenye zile pembe mbili butu vuta mistari hadi katikati ya pande zilizo mkabala. Mistari hiyo inakatana sehemu mbili ndani. Ukihesabu na pembe butu zenyewe una senta nne za bikari, matao manne, duaradufu imekwisha.

Wenzako wanaosema kompyuta inachora yenyewe, waulize kama wameshawahi kuitumia. AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, ipo tangu mwaka 1982, na mpaka leo haijui ubavu upi una mistari michache iliyofichika, wala haijui kwamba 30 ya pili ni ya ziada. Itakuvutia mstari ulionyooka kuliko wangu, mnene au mwembamba kama ulivyoiagiza. Ukiiagiza ovyo, inakupa upuuzi ulionyooka. Jifunze, ni mkate wako wa kesho, lakini ingia na kichwa kilichokwisha kuzisoma sura za sabuni.

Kwa wiki hii, usichore kazi mpya ya darasani zaidi ya unazodaiwa. Chora sabuni hiyo kwenye A3, sura tatu, vipimo vinane. Herufi na tarakimu ziandike kati ya mistari miwili hafifu ya kuongozea, kimo milimita 3.5, herufi kubwa zilizosimama, bila yale mapambo ya mkono wako wa hina. Kisha ficha sabuni. Mtafute mwenzako ambaye hajaiona, mpe karatasi, kisu na kipande kingine cha mche, umwambie akitengeneze. Wewe kaa kimya, hata akikuuliza. Kila swali atakalouliza liandike pembeni. Hapo ndipo mchoro ulipopungukiwa, na hutahitaji kalamu nyekundu kukuonyesha. Akimaliza, viunganishe vipande viwili chini kwa chini, ngazi zote zikiwa upande mmoja, pitisha kidole kwenye maungio, choma kalamu kwenye matundu yote mawili uone kama yanafikiana. Yasipofikiana, rudini kwenye karatasi pamoja mtafute kosa ni la kisu au la penseli. Makombo ya sabuni yasitupwe, fulieni ovaroli.